Ardhilhali bungeni, kesi mahakamani au maoni kwa kamati: upite mlango gani?

Karatasi walizoniletea zilikuwa saba, na sahihi 212. Wakazi wa mtaa wetu, Waislamu kwa Wakristo na wawili watatu wasioswali popote, walikuwa wamechoshwa na vipaza sauti vya nyumba za ibada vinavyokesha Ijumaa hadi alfajiri. Walikuwa wamemwandikia Spika wa Bunge la Taifa. Historia ya mtaa imeelezwa vizuri, vifungu vya Katiba vimenukuliwa, hasira ipo lakini ina adabu. Nikafanya ninavyofanya kila mara: nikaruka kurasa zote hadi sentensi ya mwisho, nione wanaomba nini hasa. "Tunaomba serikali iingilie kati."

Sentensi hiyo haina mtu anayeweza kuijibu. Serikali ipi, ya taifa au ya kaunti? Iingilie kwa kutunga sheria mpya au kwa kutekeleza iliyopo? Na juu ya hayo, Jedwali la Nne la Katiba limeuweka udhibiti wa kelele mikononi mwa kaunti. Hata Spika angeisoma kwa huruma zake zote, angekuwa anasoma barua ya jirani.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyeshika karatasi kama zile hapa Kenya na anataka jambo la kijamii au la kidini libadilike: ndoa, mavazi ya dini shuleni, usajili wa makanisa, ukeketaji, bangi. Milango ya kweli ni minne: ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, kwa Bunge, kesi ya kikatiba Mahakama Kuu, maoni ya maandishi kuhusu mswada ambao tayari uko mezani, na ile safari ndefu ya sahihi milioni moja. Watu wengi huchagua mlango kwa ukubwa wa hasira yao. Mimi huiacha ile sentensi ya mwisho ichague.

Ardhilhali: nafuu, pana, haina meno

Kifungu cha 119 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, likiwemo kutunga sheria, kuirekebisha au kuifuta. Kila mtu. Hakuna idadi ya chini ya sahihi. Ardhilhali ya mama mmoja kutoka Lodwar inaingia kwa mlango uleule na ya jumuiya yenye waumini laki moja, na Karani wa Bunge anaipima kwa masharti yaleyale.

Masharti yenyewe yako kwenye sheria ya mwaka 2012 inayoweka utaratibu wa maombi haya, na ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Andika kwa mkono au kwa mashine, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. (Nami nawasihi: kama watia sahihi wenu wanazungumza Kiswahili, iandikwe kwa Kiswahili. Nimeona watu wakitia kidole kwenye karatasi wasioweza kuisoma, kisha kamati inawauliza swali nao wanatazamana.) Lugha iwe ya heshima. Pasiwe na mahali palipofutwa au maneno yaliyochomekwa juu ya mstari. Kila ukurasa uonyeshe mada. Useme kama umekwisha kujaribu kupata suluhu kwa ofisi inayohusika na ukajibiwa nini. Useme kama jambo hilo liko mahakamani. Umalizie na ombi lililo wazi. Kisha majina, anwani, nambari za vitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaangusha vijana wetu wa mitandaoni. Wanakusanya majina elfu arobaini kwenye tovuti, bila vitambulisho wala anwani, halafu wanashangaa Bunge halijasema kitu. Orodha ile ni kelele nzuri, inaweza hata kumtikisa waziri, lakini mbele ya Karani si ardhilhali. Sahihi tano zilizokamilika zinaishinda.

Unaweza kumkabidhi Karani mwenyewe au kumpa mbunge aiwasilishe kwa niaba yako. Ikikubaliwa, inasomwa kikaoni na kupelekwa kwa kamati. Bunge la Taifa, tangu bunge la 13 lililoanza 2022, lina kamati maalumu ya maombi ya umma. Seneti huipeleka kwa kamati inayoshughulikia mada husika. Kamati inaweza kukuita ueleze, ikawaita na maafisa wa serikali wajibu, kisha inaandika ripoti.

Na ripoti ni mapendekezo. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Kamati ikikubaliana nawe neno kwa neno, sheria bado haijabadilika hata nukta. Anahitajika mtu wa kuleta mswada. Mwaka 2017 Gwada Ogot aliiomba Seneti bangi ihalalishwe. Kamati ya afya ikamsikiliza, nchi nzima ikabishana kwa wiki kadhaa, na sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ikabaki palepale. Tazama pia mwaka wenyewe: 2017 ulikuwa wa uchaguzi. Bunge likimaliza muhula, kamati zake huvunjika. Ardhilhali iliyopelekwa miezi sita kabla ya kura huwa inapelekwa kwa watu ambao akili zao zimekwisha kurudi nyumbani kwenye kampeni.

Kwa nini basi niipendekeze? Kwa sababu, tofauti na mahakamani, huhitaji kuthibitisha kwamba haki yako imevunjwa. Bungeni unaweza kusema tu kwamba sheria ni mbaya, imepitwa na wakati, inagharimu, inaumiza familia. Mwaka 2021 Marastafari waliipeleka bangi hiyohiyo Mahakama Kuu, na huko iliwabidi waipitishe kwenye tundu la sindano la Kifungu cha 32, uhuru wa dini. Hoja za tiba, uchumi na msongamano wa magereza, ambazo mbele ya maseneta ni nyama ya mchuzi, mahakamani ni pilipili tu.

Seneti au Bunge la Taifa?

Hili halihitaji maneno mengi. Kama unachoomba kinagusa kazi za kaunti (afya, shule za chekechea, masoko, maziko), Seneti ina sababu ya kukusikiliza, maana kazi yake ni kulinda kaunti. Kama kinahusu sheria ya taifa ambayo kaunti haimo, kama Sheria ya Ndoa ya 2014 au usajili wa vyama vya kidini, nenda Bunge la Taifa. Kama kinahitaji pesa za serikali, pia Bunge la Taifa, kwa sababu mswada wa fedha hauwezi kuanzia kwingine. Na kama ni la kaunti moja, usipande Nairobi: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inakupa haki hiyohiyo mbele ya bunge la kaunti yako, na huko mwakilishi wadi anakujua kwa jina.

Kesi: kali, nyembamba, ghali

Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda Mahakama Kuu kwa ajili yako, kwa ajili ya asiyeweza kwenda, au kwa maslahi ya umma. Ada ya kufungulia kesi ya haki za kimsingi haitozwi. Wakili, nakala, nauli na miaka ni juu yako, na ukishindwa unaweza kuamriwa umlipe mwenzio gharama zake, ingawa katika kesi za maslahi ya umma majaji mara nyingi husamehe.

Uzuri wake mkubwa ni amri ya muda. Januari 2019 msichana mmoja wa Kibra alifukuzwa kidato cha kwanza kwa sababu ya rasta kichwani. Kufikia Septemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita alikuwa ameamua kwamba Urastafari ni dini na kwamba shule haikuwa na haki ya kumfukuza, na katikati ya hapo mtoto alikuwa amerudi darasani kwa amri ya mahakama. Ardhilhali isingeweza. Kamati ingali ikipanga tarehe ya kikao, muhula wa kwanza ungekuwa umekwisha.

Lakini mahakama hujibu swali uliloliuliza, kwa namna uliyoliuliza, na hilo limeumiza watu. Kesi ya hijabu katika shule ya Isiolo iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti ndiyo mfano ninaoutoa kila mara. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana Waislamu ruhusa ya kuvaa hijabu na suruali juu ya sare. Furaha. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo, na sababu kubwa haikuwa hijabu yenyewe: mzazi aliyeleta dai hilo alikuwa ameingia kwenye kesi kama mhusika tu, si mlalamikaji, na dai lake, wakasema majaji walio wengi, halikuwa limefikishwa mahakamani ipasavyo. Aanze upya Mahakama Kuu. Miaka yote ile, na swali ambalo wazazi walitaka lijibiwe likabaki limekaa kwenye ngazi.

Wakati mwingine unarudi na kinyume cha ulichokifuata. Daktari Tatu Kamau alikwenda mahakamani 2017 akitaka sheria ya 2011 inayopiga marufuku ukeketaji ifutwe, akidai inawanyima wanawake wazima uamuzi juu ya miili na mila zao. Machi 2021 majaji watatu waliitupa kesi, na badala ya kuilegeza sheria wakamwelekeza Mwanasheria Mkuu apeleke bungeni mapendekezo ya kuikaza. Sihuzuniki na matokeo hayo hata kidogo, lakini kama mbinu, kila anayepanga kwenda kortini ayakumbuke.

Na kuna lile la mwisho kuhusu majaji: wanaweza kuiua sheria, hawawezi kuandika nyingine. Majirani zetu Watanzania wanalijua vizuri. Julai 2016 Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu: vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, au 14 kwa idhini ya mahakama, vilitamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Mwaka mmoja wa kurekebisha sheria ulipita, na marekebisho hayakuja. Ushindi ulikuwa kamili kwenye karatasi, na karatasi ikabaki inalisubiri Bunge.

Hapa kwetu kioja chake ni kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia, kwamba wabunge wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Mahakama imeliambia Bunge mara kwa mara litunge sheria. Mwishowe waombaji wakabadilisha anwani: maombi sita yakapelekwa kwa Jaji Mkuu, na tarehe 21 Septemba 2020 David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Halikuvunjwa. Mahakama inaweza kulinyooshea Bunge kidole. Kulishika mkono liandike, haiwezi.

Halafu kuna muda. Kesi ya kupinga mahakama za Kadhi kuwamo kwenye Katiba ya zamani ilifunguliwa 2004 na viongozi wa makanisa. Hukumu ilitoka tarehe 24 Mei 2010, ikiwapa ushindi. Wiki kumi baadaye Wakenya walipiga kura ya maamuzi wakapitisha Katiba mpya, na mahakama za Kadhi zikiwa ndani yake, Kifungu cha 170.

Maoni kwa mswada uliopo: mlango unaodharauliwa

Hapa nitatoa upendeleo wangu waziwazi. Kama tayari kuna mswada unaogusa jambo lako, achana na ardhilhali. Kifungu cha 118 kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi, na kamati hutangaza magazetini kwamba inapokea maoni. Tangazo ni dogo, muda ni mfupi, na ndiyo maana wanaojitokeza ni walewale.

Tofauti ni hii. Ardhilhali inamwomba mbunge aanze safari. Maoni yanamkuta tayari yuko njiani na gari linawaka, nawe unamwambia tu apinde kushoto. Baada ya mauaji ya Shakahola, ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, kugunduliwa Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni kule Kilifi. Seneti iliunda kamati chini ya Danson Mungatana, Rais akaunda jopo chini ya Mutava Musyimi, na miswada ya kudhibiti mashirika ya kidini ikafuata. Mchungaji anayeona kifungu fulani kitamlazimisha afunge kanisa lake la mabati hana haja ya kuandika ardhilhali ya kurasa kumi kuhusu uhuru wa kuabudu. Ataje nambari ya kifungu, anakili maneno yaliyopo, aandike chini yake maneno anayotaka yawekwe, na sababu ya mistari mitatu. Ukurasa mmoja. Makarani wa kamati ni binadamu. Wakipata marekebisho yaliyokwisha kuandikwa, wanayanakili kwenye jedwali lao na kusonga mbele. Wakipata hotuba, wanaandika "anapinga".

Na si kila kitu ni mswada. Mwishoni mwa 2015 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, ilitoa rasimu ya kanuni za mashirika ya kidini zilizotaka, pamoja na mengine, wahubiri wawe na vyeti vya theolojia. Zile zilikuwa kanuni chini ya Sheria ya Vyama, hazikuwa sheria mpya. Makanisa, makubwa kwa madogo, yalipiga kelele moja kwa moja kwa serikali, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza zisitishwe. Wangeanza na ardhilhali, Karani angekuwa bado anahesabu kurasa.

Sahihi milioni moja

Kwa ufupi, usiende. Mpango wa wananchi chini ya Kifungu cha 257 ni wa kubadili Katiba tu, unahitaji sahihi za wapiga kura milioni moja, tume ya uchaguzi, IEBC, izikague, kisha mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 kati ya 47 yaukubali kabla haujafika Bunge. Punguza Mizigo, mpango wa mwanasiasa Ekuru Aukot, ilivuka IEBC mwaka 2019 ikafia kwenye kaunti. BBI, mpango uliopigiwa debe na Rais Uhuru Kenyatta, ilivuka kaunti ikafia mahakamani, mlango ukafungwa rasmi na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022. Mmoja alikuwa na wananchi, mwingine alikuwa na Rais na magari. Kikundi cha mtaa hakina hata kimoja.

Sasa uchague

Kuna mtu anaumia leo, mtoto yuko nje ya shule, mjane anafukuzwa kwenye shamba? Mahakamani, na uombe amri ya muda siku hiyohiyo. Hakuna anayeumia leo lakini sheria yenyewe ni mbovu? Ardhilhali, na kabla hujaiwasilisha mtafute mbunge au seneta mmoja aliye tayari kuleta mswada. Bila huyo unapanda mbegu juu ya jiwe. Mswada upo? Maoni. Jambo ni la kaunti? Bunge la kaunti, wala usione ni kujishusha.

Kwa mwenye kutaka milango miwili, mpangilio una maana. Ardhilhali inakulazimu useme kama jambo liko mahakamani, na Bunge hukwepa kujadili kinachosubiri hukumu. Ukitangulia kortini, huenda umelifungia Bunge kwa miaka. Ukitangulia bungeni, ukapuuzwa, unaingia mahakamani na barua zako zote mkononi zikionyesha ulikwisha bisha hodi. Isipokuwa kwa yule mtoto aliye nje ya shule, mimi huanza na Bunge.

Zile karatasi saba tuliziandika upya. Sentensi ya mwisho sasa inaliomba bunge la kaunti lirekebishe sheria yake ya kelele ili kibali cha kipaza sauti cha usiku kitaje saa ya kuzima, na kiwe na nambari ya simu ya afisa anayepokea malalamiko. Kwa kuwa ukurasa wa pili ulikuwa umepakwa wino mweupe mahali pawili na wa nne haukuwa na mada, ilibidi kila mtu atie sahihi tena. Kati ya wale 212 tuliwapata 187. Wengine walikuwa wamehama, mmoja akasema kanisa lake sasa nalo limenunua spika. Tulikwenda na nakala mbili, moja ikabaki kwa Karani, nyingine ikapigwa muhuri wenye tarehe ambao mwenyekiti aliupiga picha hapohapo mlangoni. Mzee aliyetia kidole mara zote mbili alitaka kujua kama kile cha kwanza kilikuwa na kasoro.